Moyo Umetengenezwa, Tumbo Lalalamika

Wahenga walisema: "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake yajulikana: mwenye kuuguza na apike uji, ampe mgonjwa anywe, wala asingoje kuombwa. Ni methali ya huruma, na nyumba nyingi za kwetu Maniema zaishika vema. Lakini yuko mgonjwa mmoja ambaye yafaa aulizwe juu ya uji wake, tena aulizwe kila siku: Umekunywa kiasi gani? Umetulia tumboni? Umepata choo? Huyo ni mgonjwa aliyetiwa kifuani kidude cha kuongoza mapigo ya moyo, kile ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo.

Jamaa za mgonjwa huyo hudhani kwamba hatari yote imo kifuani. Hutazama kidonda asubuhi na jioni, huwakataza watoto wasimgonge, hulala wakisikiliza pumzi zake. Kumbe lalamiko la kwanza mara nyingi halitoki kifuani. Latoka tumboni: chakula hakina ladha, tumbo limejaa upepo, choo kimefunga siku ya tatu, kiungulia chapanda mpaka kooni, au kwikwi haikomi. Hapo hofu huingia nyumbani. Mmoja asema betri imevuja. Mwingine asema mwili wakikataa chuma. Wa tatu ataka mgonjwa apelekwe usiku huohuo kwa mtu wa mizizi. Nayo hospitali iliyoifanya kazi ile iko mbali, ng'ambo ya mito na milima.

Basi, ndugu wasomaji, leo twataka kueleza kwa nini tumbo hulalamika baada ya kazi hiyo, malalamiko gani hupita yenyewe, na yapi ni sauti ya moyo inayosemea tumboni. Anayejua kupambanua haya hatamtesa mgonjwa wake bure, wala hatachelewa siku ya kuchelewa kwake ingeleta msiba.

KIDUDE HIKI NI KITU GANI

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Haupigi kwa kubahatisha. Juu yake, upande wa kuume, pana sehemu ndogo itoayo nguvu za umeme hafifu sana, na nguvu hizo hushuka kwa njia zake mpaka chini, zikiiamuru misuli ijikaze. Njia hizo zikiharibika, kwa uzee au kwa ugonjwa, amri haifiki. Moyo hupiga polepole, mara 40, mara 30, au husimama kitambo. Mtu huona kizunguzungu, huishiwa nguvu, huanguka akazimia.

Mtu wa kwanza kutiwa kidude mwilini ili kuiponya hali hiyo alikuwa Arne Larsson wa Uswidi, mwenye umri wa miaka 43. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja, na mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewasihi mabingwa wasimwache afe. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska mjini Stockholm, daktari mpasuaji Åke Senning alimtia kidude kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kilikuwa na ukubwa wa kopo dogo la dawa ya viatu, nacho kilifichwa chini ya ngozi ya tumbo. Kilifanya kazi kwa saa chache tu, kikaharibika, akatiwa kingine. Katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vidude zaidi ya 20. Alikufa mwaka 2001, akiwa na miaka 86, wala hakuuawa na moyo bali na saratani.

Siku hizi kidude ni chepesi, na kwa watu wazima huwekwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga. Nyaya zake nyembamba hupita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Betri imefungwa kabisa ndani ya madini ya titani, na kwa kawaida hudumu miaka mingi kabla ya kubadilishwa. Kwa watoto wadogo sana huenda kikawekwa tumboni, kwa kuwa kifua chao hakina nafasi. Lakini hata hapo hukaa ukutani mwa tumbo, si ndani ya utumbo. Basi tulikatae neno la kwanza la wanaotia hofu: betri haimwagiki tumboni, wala hakuna waya upitao katika njia ya chakula.

Katika Afrika yetu ya Mashariki kazi hii sasa hufanyika. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, katika uwanja wa hospitali ya Mulago. Nairobi pia hufanyika, na vilevile Kinshasa. Lakini mgonjwa wa Kabambare akisharudi kwake, kati yake na mafundi hao pana safari kubwa: aidha kwenda Kasongo na Kindu, aidha kushuka upande wa Fizi na Baraka mpaka Ziwa Tanganyika, mara nyingi juu ya pikipiki, katika njia ambazo mvua huziharibu. Kwa hiyo elimu ya wanaouguza nyumbani si pambo. Ni sehemu ya dawa.

SABABU ZA KILA SIKU

Malalamiko mengi ya tumbo baada ya kazi hii yana sababu nyepesi.

Ya kwanza ni dawa za hospitalini. Mgonjwa alikaa bila kula kabla ya kupasuliwa, akapewa dawa za kumtuliza. Dawa hizo huweza kuleta kichefuchefu kwa siku moja au mbili. Tena hupewa dawa za kuzuia vijidudu, ili kidonda kisioze. Dawa hizo haziui vijidudu vibaya peke yake. Huua pia vile vyema vikaavyo katika utumbo, ndiyo maana wengine huhara kidogo. Kuhara kidogo hukoma. Kuhara sana, au kuhara damu, si jambo la kungoja.

Ya pili ni dawa za kutuliza maumivu. Kodeini na tramadoli hufunga choo. Ibuprofeni na diklofenaki huunguza tumbo, nazo huzuia chumvi na maji mwilini, jambo lililo baya kwa moyo dhaifu. Tena zikikutana na dawa za kulainisha damu huweza kuleta kutoka damu tumboni. Vidonge hivi huuzwa ovyo sokoni, na kila mtu hujifanya mganga. Mgonjwa wa moyo asivinunue mwenyewe. Parasetamoli, kwa kipimo alichoandikiwa, ndiyo salama zaidi kwa wengi.

Ya tatu ni kulala mno. Mgonjwa ameambiwa asiinue mkono wa upande wa kidude juu ya bega, na asibebe mzigo, kwa muda wa majuma manne hadi sita, ili nyaya zishike vema moyoni. Neno hilo ni la kweli. Asitwange sombe, asilime, asiteke maji kisimani. Lakini wengine hulizidisha, wakakaa kitandani mchana kutwa kama waliofungwa kamba. Utumbo hupenda mwili unaotembea. Mwili ukilala, utumbo nao hulala. Chakula hukaa, upepo hujaa, choo huwa kigumu. Isipokuwa daktari amekataza, mgonjwa na atembee uani, kisha mpaka kwa jirani, kisha mbali kidogo kila siku. Miguu haina waya.

Ya nne ni hofu. Mtu ambaye amelala usiku kucha akiusikiliza moyo wake, hana njaa asubuhi. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu utokao katika ubongo, ukapita shingoni, ukagawa matawi yake kwa moyo na kwa tumbo pia. Si ajabu basi majirani hawa wawili wakipeana habari. Maneno ya utulivu kutoka kwa mke, mume au mtoto mkubwa huufungua mlango wa chakula kuliko kumlazimisha kwa makelele.

SAHANI YA MGONJWA

Hakuna chakula cha kigeni kinachohitajika. Kitu kikubwa ni kula kidogo kidogo, mara nyingi, badala ya kuujaza mlima mmoja wa ugali jioni. Kwa siku za kwanza, uji mwepesi, wali laini wa mchele wetu wa Kasongo, samaki mbichi wa kuchemsha, yai, ndizi na paipai vyafaa. Ugali wa mihogo haukatazwi, lakini uwe kiasi, na mihogo iwe imelowekwa na kukaushwa vema. Maharagwe na mboga husaidia choo. Yakileta upepo, apewe machache kwanza, kisha aongezwe. Pilipili na mawese mengi humzidishia kiungulia. Baada ya kula na akae wima, asilale upesi.

Chumvi ni adui wa siri. Samaki wa makayabo, na vidonge vya supu vya dukani, vina chumvi nyingi, na chumvi huvuta maji. Kwa mtu ambaye moyo wake ni dhaifu, maji hayo huishia miguuni, mapafuni na tumboni. Pombe, hasa lotoko, imwache kabisa.

Kuhusu sombe tuseme neno la pekee. Majani ya mihogo ni chakula chema. Lakini wako wagonjwa wanaopewa dawa ya kulainisha damu iitwayo warfarini, na majani mabichi yana vitamini ipunguzayo nguvu ya dawa hiyo. Haimaanishi asile sombe. Maana yake ni kwamba ale kiasi kilekile kila juma, asishinde mwezi bila kula kisha akaila siku saba mfululizo, kwani ndipo kipimo cha dawa kinapovurugika.

Choo kikifunga, dawa ya kwanza ni maji ya kunywa, matunda na matembezi. Kukaza nguvu chooni hakung'oi waya, lakini humchosha mgonjwa na kumletea kizunguzungu. Akipita siku tatu, aende zahanati apewe dawa ya kulainisha. Lakini aliyekwisha kupimiwa maji na daktari kwa sababu ya udhaifu wa moyo, asizidishe kipimo hicho.

KWIKWI ISIYO YA KAWAIDA

Kwikwi ya kila mtu huja na kwenda. Lakini ikiwa tumbo au ubavu wa mgonjwa waruka-ruka kwa mpigo wa mfululizo, kama mtu agongaye mlango kwa saa nzima, tena ikazidi au kupungua anapogeuka kitandani, yafaa kushuku nyaya. Kati ya kifua na tumbo upo msuli mpana utusaidiao kuvuta pumzi, nao una mshipa wake wa fahamu upitao karibu sana na moyo. Waya ukiwa karibu na mshipa huo, au ukisogea mahali pake, umeme hafifu wa kidude huugusa, na msuli hushtuka.

Jambo hili hutibika. Mara nyingi daktari hupunguza nguvu za umeme kwa chombo kinachowekwa juu ya ngozi, bila kisu. Mara chache hulazimu kuurudisha waya mahali pake. Lakini halitibiki kwa kunywa maji kichwa chini, wala kwa kumshtua mgonjwa. Hospitali iliyotia kidude iarifiwe upesi, hasa kama kizunguzungu cha zamani kimerudi pamoja na kwikwi hiyo.

TUMBO LINAPOUSEMEA MOYO

Dalili ya mvua ni mawingu. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Moyo ukichoka kusukuma, damu hurundikana nyuma yake, kama maji ya Luama yanapozuiwa na magogo. Ini huvimba, kuta za utumbo hulowa. Mgonjwa hushiba kwa matonge matatu, huumwa chini ya mbavu za kuume, huona kichefuchefu, na tumbo hukua huku uso ukikonda. Wengine husema amepata minyoo. Tazameni miguu yake: je, kidole kikibonyeza huacha shimo? Je, usiku huhitaji mito miwili au mitatu ili apate pumzi? Penye mizani na apimwe kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 au zaidi kwa siku 3, si unene wa afya, ni maji. Kidude huongoza hesabu ya mapigo, lakini hakiupi nguvu mpya msuli uliochoka. Hivyo dawa nyingine za moyo zapaswa kuendelea.

Iko dawa ya zamani ya moyo iitwayo dijoksini. Asili yake ni mmea wa Ulaya, na daktari Mwingereza William Withering aliandika kitabu juu ya matumizi yake mwaka 1785. Tangu hapo waganga wamejua kwamba ikizidi mwilini, tumbo ndilo hulia kwanza: hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu na kutapika huja, na wengine huona vitu kama vina rangi ya manjano. Mgonjwa anayeimeza akianza kutapika, asipewe dawa ya tumbo tu. Apelekwe kwa daktari na vidonge vyake vyote mkononi.

Hali kadhalika maumivu makali ya chembe, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, yaweza kuwa moyo uliokosa damu, wala si kiungulia. Kidude hakizuii ugonjwa huo. Na choo cheusi kama lami, chenye harufu kali, kwa mtu anywaye dawa za kulainisha damu, ni damu itokayo tumboni, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo hukitia choo weusi. Daktari ndiye wa kupambanua.

BOMBA, MIZIZI NA CHALE

Katika vijiji vyetu, tumbo likisumbua, wengi hukimbilia bomba, yaani kumtia mgonjwa maji ya mizizi kwa njia ya nyuma, au kumnywesha dawa kali ya kuharisha "ili uchafu utoke." Kwa mgonjwa huyu ni hatari kubwa. Kuhara sana humwondolea maji na chumvi za damu, hasa ile iitwayo potasiamu, na moyo hauwezi kwenda sawa bila hizo. Ikiwa tena anakunywa dawa ya kukojoa kama furosemidi, upungufu huongezeka mara mbili. Mizizi mingine hugombana na dawa zake, wala hakuna ajuaye kipimo.

Chale juu ya kifua zisiguswe kabisa. Na kidonda kikivimba, kikawa chekundu, kikauma au kutoa usaha, mtu yeyote asikichome sindano wala kukikamua, maana ndivyo vijidudu hupelekwa mpaka kwenye kidude, na kutoka hapo kwa njia ya waya mpaka moyoni.

Akihara, apewe maji yaliyochemshwa lita 1, yenye sukari vijiko vidogo 6 vya kufutwa na chumvi nusu kijiko kidogo, anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kwa daktari. Na akitapika pamoja na homa, tusisahau kwamba tuko katika nchi ya malaria: apimwe damu. Wakati huohuo kidonda kitazamwe, kwa kuwa homa yaweza kutoka huko.

JUU YA KUFUNGA

Wako wazee wacha Mungu ambao, Kwaresima ikifika, huona haya kula. Sheria ya Kanisa yenyewe huwaagiza kufunga walio kati ya miaka 18 na 59, nao wagonjwa wameachiliwa. Tena hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haiwabani wagonjwa, wala wazee, wala wanaowauguza. Basi mtu asiache vidonge vyake wala uji wake kwa kudhani ni dhambi. Atajinyima vingine: maneno makali, au manung'uniko.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Mgonjwa aliyetiwa kidude hupewa kadi yenye aina ya kidude, tarehe na hospitali. Kadi hiyo ikae mahali panapojulikana na wote, pamoja na namba ya simu ya hospitali. Katika daftari la shule aandikwe kila siku: amekula nini, amepata choo, dawa gani amekunywa, uzito wake, na mapigo yake. Kuhesabu mapigo si kazi ya daktari peke yake. Mwanafunzi wa darasa la tano aweza: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Daktari huwaambia kidude kimepangwa kutoruhusu moyo kushuka chini ya hesabu gani, mara nyingi 60. Hesabu ikiwa chini ya hiyo, mkihesabu tena ikawa vilevile, pigeni simu.

Na msingoje kesho mkiona haya: kuzimia au kizunguzungu kikubwa; maumivu ya kifua au ya chembe pamoja na jasho; pumzi fupi; kutapika kusikokoma, au kutapika damu; choo cheusi au cha damu; tumbo na miguu kuvimba; kwikwi ya mfululizo; homa, au kidonda kubadilika. Hospitali ya Kabambare haina mafundi wa kidude, lakini yaweza kupima mapigo, homa na damu, kumpa mgonjwa maji, na kusema na daktari wa mbali kwa simu. Mahali pa kuanzia ni hapo.

Mengine yote, upepo, kiungulia kidogo, choo kilichochelewa, chakula kisicho na ladha, ni mambo ya majuma ya kwanza. Hupita kwa uji, matembezi na subira. Jamaa waliouza mbuzi na mpunga ili moyo wa ndugu yao utengenezwe wamekwisha kufanya lililo gumu. Lililobaki ni dogo, nalo halina gharama: kila asubuhi kumwuliza mgonjwa habari za tumbo lake, na kumsikiliza mpaka mwisho.